Pengo Katika Mstari wa Nyumba

Juzi walikuja wasichana wawili kutoka mjini, wamevaa fulana zinazofanana, wakaniomba niende kukaa meza kuu siku ya sherehe ya wanawake. Wakasema mimi ni mfano. Nikawauliza, mfano wa nini? Mmoja akajibu, "Wa mwanamke aliyethubutu, bibi." Nikawapa michembe ya viazi vitamu na chai, wakala, wakaenda zao. Meza kuu naijua. Nimetazama watu wa meza kuu maisha yangu yote, na wengi wao niliwafahamu kabla hawajapata viti.

Sikuthubutu chochote. Nilikuwa mtoto wa kwanza. Baba alikufa, mama akamfuata kabla hata kaburi la baba halijaota majani, na nyuma yangu walikuwapo watatu: mdogo wangu wa kike, mdogo wangu wa kiume, na kitinda mimba ambaye alikuwa hajajua kusema vizuri. Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu alikuja mara moja kuuliza mbona sionekani shuleni, akaona hali ilivyo, akanywa maziwa, hakurudi.

Siku ya kumaliza matanga, baba mdogo aliwakusanya ndugu wa ukoo akatugawa kama nyama.

"Wa kiume atakuja kwangu, ng'ombe hawana mchungaji," alisema. "Huyu wa kike aende kwa shangazi yake Itilima. Kale kadogo kaende kokote kenye maziwa. Na mkubwa ameshaiva, tutamtafutia mahali."

"Hawaendi," nilisema.

"Nani kasema?"

"Mimi. Mkubwa."

Walicheka sana. Shangazi alifuta machozi ya kicheko kwa khanga ileile aliyokuwa amefutia ya msiba.

Hata hivyo hawakutugawa siku ile. Wengine hudhani walituonea huruma. Ilikuwa miezi ya njaa, pamba ndiyo kwanza inapaliliwa, na hakuna aliyetaka midomo mipya kabla ya mavuno. Baba mdogo alichukua kitu ambacho hakikuwa na mdomo wa kulalamika: ng'ombe wa baba. Alisema anatutunzia. Sisi tukabaki katika nyumba ya mama, wanne, na mimi nikajiapia kwamba wanne hao watalala chini ya paa moja mpaka kila mmoja aondoke kwa miguu yake mwenyewe. Sikuwa na mpango mwingine wa maisha. Yote niliyofanya baadaye, ambayo watu wanayaita ujasiri, yalikuwa hayo tu.

Baba yangu alikuwa amengoja mtoto wa kiume kwa muda mrefu, na wakati akingoja alinichungisha mimi. Alinifundisha milunzi yake: wa kwenda majini, wa kurudi, wa kusimama. Kwetu mluzi ni wa mwanamume. Mwanamke akipiga mluzi, walikuwa wakisema, atawazika waume zake mmoja baada ya mwingine. Baba alijua maneno hayo. Alisema ng'ombe hawayajui.

Baba mdogo alipoanza kuwauza hao ng'ombe aliokuwa akitutunzia, aliniamuru nisaidie kuwapeleka mnadani Bariadi. Aliyewanunua alikuwa mfanyabiashara mmoja wa Somanda, Mwislamu, mtu ambaye watu wetu walimwita Mswahili kwa sauti ile wanayoitumia kumwita fisi. Alikuwa akinunua mnadani na kuwaswaga kwa miguu kupitia Maswa mpaka Malampaka, wapande treni. Siku hizo waswagaji wake walikuwa wamempotea. Vijana wote walikamatwa kufyatua matofali ya kijiji kipya ambacho hakuna aliyekuwa amekiomba.

Ng'ombe wetu wakakataa kuondoka. Kila wakitolewa mnadani waligeuka kuelekea nyumbani, na watu wakawa wanawachapa na kuwatukana mama zao. Nilichoka kutazama. Nikapiga mluzi wa kwenda majini, nikatangulia mbele. Wakanifuata wote, pamoja na wa watu wengine.

Yule mfanyabiashara akamuuliza baba mdogo, "Mtoto wa nani huyu?"

"Wa marehemu kaka yangu. Hana adabu, msamehe."

"Mimi sinunui adabu. Nanunua ng'ombe wanaotembea."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Sikutaka fedha, kwa sababu fedha ya yatima huombwa na kila mwenye shida. Nilitaka mtamba kila baada ya safari kadhaa, na mfanyabiashara awaweke mitamba hao zizini kwake Somanda, baba mdogo asiwafikie. Mswahili yule alitimiza kila alichosema. Watu wa ukoo wangu, wenye kusali kila Jumapili, hawakutimiza hata kimoja.

Njiani nilikuwa na mwenzangu mmoja, mzee wa Kizaramo aliyewahi kufanya kazi ya reli na kubaki Malampaka bila kueleza kwa nini. Mzaramo na Msukuma ni watani, kwa hiyo hatukuwahi kusalimiana vizuri hata siku moja, ingawa alijifunza kuniita mayu, yaani mama.

"Msukuma, leo umeoga?"

"Nimeoga jana. Wewe uliogeshwa na mkunga, basi."

"Ukichoka, mayu, panda mgongoni kwangu."

"Mgongo wako wenyewe unabebwa na fimbo."

Tulitembea tangu alfajiri mpaka jua linapokuwa kali, tukapumzisha ng'ombe kwenye malisho, tukaendelea jua likilegea. Tulilala katika miji ya watu, kando ya zizi, ndani ya uzio wa minyaa. Wake za watu walinipa ugali na kunitazama kwa pembeni. Waume zao waliniuliza nina mume wapi. Mzaramo alikuwa akiwajibu kwamba mume wangu ni huyo dume mwenye nundu kubwa, na kwamba ana wivu. Maswa tulimngoja bwana mifugo atupe kibali. Alikuwa mtu wa kuchelewa kazini na kuwahi kuondoka, na kila mara alimkabidhi Mzaramo kibali kana kwamba mimi ni mmoja wa mifugo.

Nikiwa safarini, mdogo wangu wa kike aliwapikia wengine. Nikirudi niliwakuta wote watatu, wembamba lakini wapo.

Ndipo baba mdogo akanitafutia mahali. Alikuwa mzee mwenye wake wawili na macho mabovu, na alikuwa na ng'ombe wengi. Baba mdogo alishawapangia kazi ng'ombe hao: wangemwolea yeye mke mdogo. Alikwishamwona na msichana mwenyewe. Mimi nikienda kwa mzee, nyumba ya mama ingefungwa, na wadogo zangu wangegawanywa kama ilivyopangwa siku ya matanga. Hakulificha hilo. Alilisema kama mtu anayeeleza jinsi ya kupanda mtama.

Bakombe walikuja mchana. Hao ni wazee wanaotumwa na upande wa mume kupatana mahari. Walikuja na ng'ombe wao, wakawasimamisha uani kwa baba mdogo, wakaanza kuhesabu na kubishana. Huyu pembe moja, huyu mzee, huyu hana chuchu. Baba mdogo alisifu heshima yangu mpaka nikatamani kumjua huyo mtu.

"Ni mtulivu," alisema. "Hata kucheka hujui kama amecheka."

Sikumtukana mtu. Nilikwenda zizini, nikatoa miti ya mlango, nikasimama njiani, nikapiga mluzi wa baba. Ng'ombe wa baba waliosalia wakatoka mbio. Wa mahari, ambao walikuwa na kiu ya safari, wakaona wenzao wanaelekea majini, wakawafuata. Hesabu ikaishia hapo. Uani wakabaki wazee na fimbo zao.

Mkombe mkubwa aligeuka polepole.

"Nani anayepiga mluzi?"

Wenzake wakanyoosha shingo kuelekea zizini.

"Ninauliza, ngosha gani huyo, mwanamume gani?"

Mke wa baba mdogo, ambaye hakuwa na haja ya mke mwenza, akajibu kutoka jikoni, "Ni bibi harusi wenu, baba."

Waliondoka bila kunywa maziwa yaliyokuwa yamemiminwa. Ilichukua muda kuwatenganisha ng'ombe pale lamboni, na mimi ndiye niliyewatenganishia, wakitaka wasitake.

"Umeniua," baba mdogo aliniambia.

"Mbona unaongea, baba?"

Hakunisemesha kwa miezi mingi. Ilikuwa miezi mizuri.

Baada ya hapo hakuna mkombe aliyekanyaga kwetu. Nilisikitika? Watu huniuliza, hasa wanawake walioolewa vibaya. Nilikuwa na watoto watatu wa kulisha na barabara ya kutembea. Kusikitika kunahitaji mtu mwenye nafasi.

Mwaka uliofuata mfanyabiashara alikosa msindikizaji wa behewa, akaniuliza kama naweza kupanda treni na ng'ombe mpaka Dar es Salaam, pamoja na Mzaramo. Mkuu wa stesheni akasema mwanamke haruhusiwi. Mzaramo akamwuliza imeandikwa wapi. Mkuu akasema haijaandikwa kwa sababu hakuna mwendawazimu aliyewahi kuomba. Tukapanda.

Watu wakisikia nilikwenda Dar es Salaam kwa treni nikiwa msichana, wanataka niwaeleze taa na magari. Niliona mikia. Kazi ya msindikizaji ni kutazama ng'ombe asilale, kwa maana akilala behewani wenzake watamkanyaga mpaka afe. Unamkunja mkia mpaka asimame. Tabora tuliwanywesha, tukaendelea. Tuliwashusha Pugu, mnadani nje ya mji, nikalala Pugu, nikarudi kutoka Pugu. Bahari sikuiona. Mzaramo alitaka nibaki ajidai na mji wa kwao, nikamwambia mji wenyewe haujamtuma mtu kumpokea. Nilikuwa na haraka. Mdogo wangu kitinda mimba alikuwa na kikohozi nilipoondoka.

Niliporudi, nyumba ya mama haikuwepo.

Operesheni ya vijiji ilikuwa imepita. Watu waliambiwa wahame, aliyechelewa akang'olewa paa. Wadogo zangu walikuwa watoto watatu wasio na mtu mzima, kwa hiyo walichelewa. Nilikuta kuta, jivu la jikoni, na mbuzi wa mtu akila majani ya paa letu. Wa kiume alikuwa kwa baba mdogo anachunga. Wa kike alikuwa kwa baba mdogo anatwanga. Shangazi wa Itilima alikuwa hajaja kumchukua. Kitinda mimba alilala na kuku katika nyumba hiyohiyo, kikohozi kimezidi. Nchi ilikuwa imetangaziwa kuishi pamoja, na sisi tuliokuwa tukiishi pamoja ndio tuliotenganishwa.

Kijiji kipya kilikuwa mstari mmoja wa nyumba kando ya barabara kuu. Maji yalikuwa mbali, mashamba yalikuwa mbali zaidi, lakini mtu aliyepita kwa gari angeuona mstari vizuri. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa na kamba ya katani aliyoinyoosha kila asubuhi kuona kama kuna nyumba iliyotoa pua mbele. Mtu mmoja alivunjishwa ukuta kwa sababu ya upana wa kiganja.

Nilikwenda kamati kuomba kiwanja. Walikaa kwenye benchi la shule, wote wanaume, wote niliwajua.

"Viwanja ni vya kaya," alisema mwenyekiti.

"Sisi ni kaya."

"Kaya ina mwanamume, binti yangu."

"Mdogo wangu ni mwanamume."

"Huyo ana meno ya maziwa bado," akasema mmoja, na benchi lote likacheka. "Mlete akiota ndevu, tutampimia."

Baba mdogo alikuwa kwenye benchi hilo. Yeye alipimiwa viwanja viwili, kimoja cha kwake na cha pili cha mke mdogo. Lakini mke mdogo alihitaji mahari, na mahari yenyewe ilikwenda kunywa maji siku ile akina mkombe walipokuja. Kwa hiyo kiwanja cha pili kilibaki magugu, katikati ya mstari, mkabala na barabara, kama jino lililong'oka mbele.

Nilihamia Somanda kwenye kibanda cha nyuma kwa mfanyabiashara, nikawa ninakuja kijijini kuwaona wadogo zangu kama mgeni. Kitinda mimba alianza kuniita shangazi. Sitaeleza nilivyojisikia.

Kisha ikatangazwa kwamba mgeni mkubwa kutoka mkoani atapita kukagua. Siku hizo mkoa wetu ulikuwa Shinyanga, na mtu akitoka Shinyanga viongozi wetu walitetemeka kana kwamba ametoka mbinguni. Mwenyekiti alinyoosha kamba mara tatu kwa siku. Mstari ulikuwa mzuri, isipokuwa pengo. Akamfuata baba mdogo ajenge. Baba mdogo akasema hana miti, hana majani ya kuezekea, hana mikono, na mgongo unamuuma. Mgongo ule ulikuwa haujawahi kuinama kwa kazi. Sijui uliumia wapi.

Mwenyekiti akaja Somanda mwenyewe, kwa baiskeli.

"Mwadila, mayu."

Ilikuwa salamu ya heshima; kabla ya hapo nilikuwa binti yangu.

"Mwadila, baba."

"Nasikia una mitamba hapa."

"Wapo."

"Ungeuza mmoja ukanunua miti na majani, na dume la kuwachinjia vijana, wangekuinulia nyumba kabla mgeni hajaja."

"Nyumba ya nani?"

"Tuseme ya ukoo. Kiwanja kibaki cha baba yako mdogo. Wewe utaruhusiwa kukaa."

"Na wadogo zangu."

"Wadogo zako wana kwao."

"Basi pengo libaki."

Alifuta jasho. Akatazama baiskeli yake kama itamshauri.

"Sikiliza," alisema. "Nyumba bila watoto itaonekana ghala. Siku ya mgeni watakuwepo. Nitamwambia mwenyewe baba yako mdogo awaazime."

Awaazime. Kama jembe. Nilikubali.

Nyumba iliinuliwa upesi, maana vijana wa kwetu wakiona nyama hawana mgongo unaouma. Siku ya mgeni wadogo zangu waliletwa asubuhi wameogeshwa, kitinda mimba kapakwa mafuta mpaka anateleza. Tulisimama mbele ya mlango wetu. Kila kaya ilisimama mbele ya mlango wake, mwanamume mbele. Mbele yetu mwenyekiti alimsimamisha baba mdogo. Wanawake waliandaliwa kuimba. Jua lilipanda, nyimbo zikarudiwa, watoto wakakojoa waliposimama.

Magari yalikuja saa nane hivi. Yalikuwa matatu. Yalipita kwa kasi, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi, na hakuna kichwa kilichogeuka. Walikuwa wamechelewa chakula Bariadi. Mstari wote ule, kamba yote ile, ukuta wa yule maskini uliovunjwa, ulipata vumbi.

Watu wakatawanyika. Baba mdogo akachukua fimbo yake.

"Haya, watoto, twendeni."

Mdogo wangu wa kiume alinitazama. Alikwenda tu ndani akakaa chini, na wenzake wakamfuata, wakakaa karibu naye.

"Hawaendi," nilisema.

"Waliazimwa. Mwenyekiti shahidi."

"Ni kweli," alisema mwenyekiti. "Tulipatana siku moja, mayu. Usinifanye mwongo."

Sikubishana. Niliweka kinu kando ya ukuta, nikapanda juu yake, nikashika majani ya paa kwa mikono miwili na kuyang'oa. Nikayatupa barabarani. Nikang'oa mengine.

"Unafanya nini?"

"Nabomoa. Niliijenga kwa ajili ya watu wanne. Kama ni ya mtu mmoja, sina haja nayo. Mtakaa na pengo lenu."

"Shuka."

"Mwambie huyo aende kwanza."

Nilifika kwenye fito. Anga lilionekana. Watu waliokuwa wanakwenda zao wakarudi kutazama, na yule aliyevunjishwa ukuta akasema kwa sauti kwamba anayo nafasi ya kusaidia. Mwenyekiti akatazama barabara upande wa Bariadi, akatazama paa langu.

"Shuka, mayu. Mgeni analala Bariadi, kesho anakwenda Maswa. Atapita hapahapa."

"Sasa?"

Akamgeukia baba mdogo. "Waache watoto mpaka mgeni apite."

"Apite lini?"

"Nimesema apite."

"Nani atanichungia?"

"Chunga mwenyewe. Mgongo utanyooka."

Baba mdogo aliondoka na fimbo yake. Kesho yake mgeni alikwenda alikokwenda kwa njia nyingine, sisi hatukumwona. Lakini mwenyekiti hakuweza kutangaza kwamba mgeni hatakuja, maana angeonekana anakata tamaa na uongozi, na mtu wa cheo chake hakutakiwa kukata tamaa. Kila baba mdogo alipouliza, alijibiwa mgeni bado. Aliuliza mpaka mdogo wangu wa kiume akaota zile ndevu walizozingoja. Kiwanja hakikuhamishwa wala hakikudaiwa. Sikupewa haki. Niliachiwa nyumba na watoto kwa sababu wakubwa waliogopa gari ambalo halikuwa linakuja.

Niliendelea kuswaga mpaka mfanyabiashara alipokufa, kisha nikaswaga wangu. Majani niliyoyang'oa siku ile niliyarudisha mwenyewe kesho yake, vibaya, kwa kuwa kuezeka sikuwa ninakujua. Pembe ile ya nyumba ilivuja kila masika. Mvua ikianza tulikuwa tunavuta ngozi ya kulalia upande wa pili, wote wanne, kitinda mimba katikati, na mdogo wangu wa kike akilalamika kwamba nanuka ng'ombe.